Mwalimu wa Viungo: Maisha ya Profesa James Naismith



Nimeombwa nizungumzie maisha ya mtu aliyefundisha elimu ya viungo mpaka uzeeni. Nimemchagua James Naismith, profesa wa Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, aliyestaafu mwaka 1937 akiwa na umri wa miaka 75 na kufariki dunia miaka miwili baadaye. Wengi humu mnamjua kwa jambo moja, kwamba ndiye aliyebuni mpira wa kikapu. Aliubuni akiwa na miaka 30, na kazi hiyo ilimchukua wiki mbili. Baada ya hapo alifundisha kwa zaidi ya miaka 40. Miaka hiyo ndiyo kazi yake kubwa, na hata ule mchezo hauelewi vizuri mtu asiyemjua kwanza mwalimu aliyeutunga.

Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na mji mdogo wa Almonte, jimbo la Ontario, Kanada, kwa wazazi wahamiaji kutoka Uskoti. Mwaka 1870 homa ya matumbo iliwachukua baba na mama katika muda wa wiki chache. Yatima huyo akalelewa na bibi yake, kisha na mjomba wake Peter Young. Akiwa kijana aliacha shule, akaenda msituni kukata magogo, na baada ya miaka kadhaa akarudi darasani kukaa na watoto aliowapita umri. Walimu mliowahi kumpokea mwanafunzi wa namna hiyo mnajua anavyosoma.

Alikwenda Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal kwa nia ya kuwa mchungaji. Huko akaingia katika michezo: sarakasi za viungo, lakrosi, mpira wa kubeba mikononi. Siku hizo watu wengi wa dini waliiona michezo kuwa kazi ya shetani, na ndugu na marafiki walimwombea aiache. Alimaliza masomo ya theolojia mwaka 1890. Alikuwa na mlango wa kanisa mbele yake, akaamua kwamba kijana anaweza kufundishwa uadilifu kwa mwili wake pia: kwa namna anavyokimbia, anavyogombania mpira, anavyoshindwa. Akahamia Springfield, Massachusetts, kwenye chuo cha YMCA kilichofundisha viongozi wa vijana.

Hapo ndipo lilipo lile darasa maarufu. Wakati wa baridi kule viwanja hujaa theluji. Vijana hufungiwa ukumbini, na zama hizo walichopewa humo ni mazoezi ya kunyoosha mikono na kuruka kwa kuhesabiwa, kama askari wapya. Darasa moja la wanaume 18 lilikwisha kuwashinda walimu wawili. Walikuwa watu wazima waliosomea kuendesha matawi ya YMCA, na hawakuona sababu ya kurukaruka kwa filimbi. Mkuu wa idara ya viungo, Luther Gulick, akamkabidhi Naismith darasa hilo na kumpa siku 14 atafute mchezo wa ndani utakaowashika.

Nawaomba walimu wa kesho msikilize vizuri hatua yake ya kwanza. Aliwatazama wale wanaume, akakata shauri kwamba kosa halikuwa lao. Kosa lilikuwa katika kile walichopewa. Ukiniuliza mimi, mpira wa kikapu ulizaliwa wakati huo, kabla ya kikapu chochote kupigiliwa ukutani.

Alijaribu kwanza kuiingiza ndani michezo ya nje. Mpira wa kukumbana kwa mabega uliwaumiza watu kwenye sakafu ngumu. Soka lilivunja madirisha. Lakrosi ndani ya kuta nne ilikuwa fimbo za uso. Siku zake zikawa zinaisha, naye akaacha kuhangaika na mchezo huu au ule, akaanza kuuliza swali la msingi: mchezo unakuwa na fujo kwa sababu gani?

Aliufuata mpira wa kukumbana hatua kwa hatua. Mtu anaangushwa kwa nini? Kwa sababu anakimbia na mpira, na hakuna njia nyingine ya kumsimamisha. Basi mwenye mpira asikimbie. Asimame aliposhikia, autupe. Ukimzuia kukimbia, hakuna tena sababu ya kumwangusha. Hiyo ikawa sheria ya tatu kati ya sheria 13 alizoandika, na naiona kuwa ndiyo moyo wa zote.

Likabaki suala la goli. Katika lakrosi na hoki goli limesimama wima, na anayepiga kwa nguvu zaidi ndiye anayefunga. Nguvu hiyo ndiyo inayoumiza. Akakumbuka mchezo wa utotoni kwao Ontario, ambao watoto waliweka jiwe dogo juu ya jabali, wakajaribu kuliangusha kwa mawe yao. Aliyevurumisha kwa hasira alikwenda kuliokota jiwe lake mbali, na mara nyingi alinaswa na mlinda jabali kabla ya kurudi. Aliyelirusha taratibu, likapanda na kushuka, alikuwa salama. Kwa hiyo alililaza goli, likatazama juu, na akaliweka juu ya vichwa vya watu ili walinzi wasilizunguke na kuliziba. Mpira ukabidi upande kwanza ndipo ushuke, na kwa kazi hiyo misuli mikubwa haina faida kuliko jicho na mkono uliotulia.

Alimwomba mtunza jengo masanduku mawili. Masanduku hayakuwapo, vilikuwapo vikapu viwili vya matunda ya pichi. Naismith akavipigilia kwenye ukingo wa chini wa roshani ya ukumbi, upande huu kimoja na upande ule kimoja. Ukingo ule ulikuwa futi 10 kutoka sakafuni, na mpaka leo, popote duniani, pete ya mpira wa kikapu iko futi 10, yaani mita 3.05.

Sheria zilipigwa taipu na kubandikwa ubaoni. Hakuna kusukuma, kushika, kupiga kumbo, kupiga ngwala wala kupiga mtu. Kosa la kwanza ni faulo. Kosa la pili linamtoa mchezaji nje mpaka goli linalofuata lifungwe. Ikionekana alikusudia kuumiza, anatoka mchezo mzima, na timu yake hairuhusiwi kumwingiza mwingine badala yake. Upande ukifanya faulo tatu mfululizo, wapinzani wanaandikiwa goli. Ukizisoma zote 13 hutakuta mahali anapomhubiria mchezaji awe mtu mwema, ingawa mwandishi wake alisomea uchungaji. Ameupanga uwanja ili adabu ilipe na ukorofi ugharimu, na gharama yenyewe iwaguse wenzake wote wa timu. Ualimu wa namna hii unadai akili kubwa. Kupiga kelele pembeni ya uwanja kila mtu anaweza.

Mchezo wa kwanza ulichezwa tarehe 21 Desemba 1891, tisa kwa tisa, kwa kuwa darasa lilikuwa na watu 18. Walitumia mpira wa soka. Goli lilikuwa moja tu, la William Chase. Miongoni mwa wale 18 alikuwamo Mjapani, Genzabaro Ishikawa, na wahitimu wa chuo kile walitumwa kwenye matawi ya YMCA sehemu nyingi za dunia. Ndiyo maana mchezo ulisambaa upesi.

Ninyi mabinti mliocheza mpira wa pete shuleni, hapa panawahusu. Wiki chache baada ya mchezo kuanza, walimu wa kike wa shule ya jirani walifika ukumbini na kumwuliza Naismith kama wanawake nao wanaweza kucheza. Akawaambia wacheze. Mmoja wa wanawake wa mwanzo kuucheza, Maude Sherman, aliolewa naye mwaka 1894, wakajaliwa watoto watano. Mwalimu Senda Berenson wa Chuo cha Smith aliuchukua mchezo mwaka 1892, akaugawa uwanja sehemu tatu na kumfunga kila mchezaji katika eneo lake. Ulipofika kwenye vyuo vya wasichana vya Uingereza ukageuka kuwa netiboli, na kwa njia ya shule za kikoloni netiboli ikatufikia sisi.

Tazameni sasa. Mpira wa kikapu wa leo unamruhusu mchezaji kukimbia akidundadunda mpira. Mpira wa pete haumruhusu. Binti anayeshika mpira kwenye mashindano ya UMITASHUMTA au UMISSETA anasimama, anatafuta mwenzake, anatoa pasi. Anacheza ndani ya maeneo yaliyogawanywa, na pete yake iko mita 3.05, bila ubao nyuma. Yuko karibu na sheria ya tatu ya mwaka 1891 kuliko Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alivyokuwa mwaka 2009, alipochaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA. Sisemi hivyo kumpunguzia Thabeet heshima yake. Nasema kwa sababu mpira wa pete tunauchukulia kama mchezo wa pembeni, wakati umelihifadhi wazo la Naismith kuliko mchezo wowote unaoonyeshwa kwenye televisheni.

Baada ya Springfield alihamia Denver mwaka 1895, akafanya kazi YMCA huku akisomea udaktari, na mwaka 1898 akahitimu. Mwaka huohuo akaitwa Kansas, mji wa Lawrence, kuongoza ibada za chuo na kufundisha viungo. Hakuitwa kwa ajili ya mpira wa kikapu. Alikaa miaka 39.

Hapo pana jambo ambalo wapenda michezo hulisimulia wakicheka, nami nalisimulia kwa heshima. Naismith aliifundisha timu ya kikapu ya Kansas mpaka mwaka 1907, akashinda michezo 55 na kushindwa 60. Katika historia yote ya chuo hicho, ambacho ni miongoni mwa vigogo wa mchezo huo, yeye ndiye kocha pekee aliyeshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Mchezaji wake Phog Allen alimrithi, akawa kocha mkubwa, na makocha wakubwa wakatoka mikononi mwa Allen. Naismith hakuamini kwamba mchezo ule unahitaji kocha. Aliutunga ili uchezwe na wengi, wa kila kimo na kila uwezo, na watu wakishaelewa sheria zake waachwe wacheze.

Muda wake aliutoa kwa wanafunzi wote, hata wale wasiowahi kuvaa jezi. Aliwapima miili walipoingia chuoni, akawafundisha usafi wa mwili na afya kwa maarifa ya kidaktari, akawafundisha mieleka na upanga, akawasikiliza matatizo yao. Mwaka 1916 alikwenda na askari wa Kansas kwenye mpaka wa Meksiko akiwa kasisi wao. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza alivuka mpaka Ufaransa chini ya YMCA, kuwafundisha askari vijana namna ya kujitunza mbali na kwao. Kisha akarudi Lawrence, darasani.

Naomba nikae zaidi kwa mwanafunzi mmoja.

Mwaka 1933 kijana mweusi aitwaye John McLendon alifika Kansas kusomea elimu ya viungo. Baba yake alimwagiza amtafute Naismith na kumwambia kuwa ndiye atakayekuwa mshauri wake wa masomo. Kijana akaenda, akamwambia hivyo hivyo, na mzee akakubali. McLendon alikuwa mweusi wa kwanza katika fani hiyo pale. Kuichezea timu ya chuo hakuruhusiwa, kwa sababu ya rangi yake. Kila mwanafunzi wa viungo alitakiwa ajue kuogelea, lakini bwawa la chuo lilikuwa la weupe peke yao. Uongozi ungeridhika kumpa alama bila yeye kugusa maji. McLendon akakataa zawadi hiyo, akajitosa, na bwawa likamwagwa maji yote. Naismith akasimama upande wa mwanafunzi wake, na mwishowe bwawa likawa la wote.

Tusimtukuze kupita kiasi. Timu ya kikapu ya Kansas ilibaki bila mchezaji mweusi mpaka miaka ya 1950. Mtu aliyeubuni mchezo wenyewe alikuwa akitembea katika majengo yaleyale kila siku, na mlango huo haukufunguka akiwa hai. Ndani ya darasa lake alikuwa mwadilifu. Nje ya darasa nguvu zake ziliishia mahali, na sisi tunaomheshimu hatuna budi kuliona hilo.

Lakini alichoweza kumpa McLendon alimpa. Alimfundisha, akamtafutia nafasi ya kufanya mazoezi ya ualimu, akamsaidia kuingia Chuo Kikuu cha Iowa, ambako kijana alipata shahada ya uzamili mwaka 1937, mwaka uleule mzee alipostaafu. McLendon hakuacha kusema kwamba mchezo wa kikapu alijifunza kwa Naismith. Machi 1944, akiwa kocha wa chuo cha weusi mjini Durham, North Carolina, aliwaalika kwa siri wachezaji weupe wa shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Duke waje kucheza, katika jimbo ambalo kuchanganyika hivyo kungeweza kuwatia wote hatarini. Milango ilifungwa, watazamaji hawakuwapo. Vijana wa McLendon walishinda 88 kwa 44. Baada ya hapo timu mbili zilichanganya wachezaji wao, zikacheza tena, weusi na weupe upande mmoja.

Mchezo uliotungwa ili watu wasiumizane ulitumika siku ile kwa kazi hasa uliyotungiwa.

Tumrudie mzee mwenyewe. Mwaka 1936 mpira wa kikapu uliingia kwa mara ya kwanza rasmi katika Michezo ya Olimpiki, mjini Berlin. Naismith hakuwa na fedha za kwenda. Hakuuandikishia mchezo wake hati miliki, na haukumletea utajiri. Makocha wa Marekani walimchangia nauli. Akaona timu za nchi zaidi ya 20 zikicheza kitu alichokianzishia watu 18. Fainali ilichezwa nje, kwenye uwanja wa udongo, mvua ikinyesha, mpira haudundi, na Marekani ikaifunga Kanada 19 kwa 8. Nchi aliyozaliwa ilikutana na nchi aliyoichukulia uraia mwaka 1925, na medali aligawa yeye.

Alirudi nyumbani, na mwaka uliofuata akastaafu na kumpoteza mkewe Maude. Mtu aliyezoea kuwa kati ya vijana kila siku kwa miaka yote ile akajikuta na nyumba kimya. Kati yetu humu wamo waliokwisha kustaafu, nao hawahitaji nieleze. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuandika habari za mchezo wake, chanzo na makuzi yake, kwa lugha nyepesi ya mwalimu anayemweleza mwanafunzi. Alioa tena mwaka 1939, na tarehe 28 Novemba mwaka huo akafa mjini Lawrence kwa kiharusi. Kitabu kilitoka mwaka 1941, bila yeye.

Karatasi mbili za sheria zake 13 ziliuzwa kwa mnada New York mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni nne, na sasa ziko Kansas. Watu huitaja bei hiyo kwa mshangao. Mimi hunishughulisha zaidi suala la vipindi. Mwalimu wa michezo katika shule zetu nyingi hupewa mpira mmoja, mara nyingine umetoboka, na watoto 80, na mitihani ikikaribia kipindi chake ndicho cha kwanza kuchukuliwa. Tunafanya hivyo kwa kuamini kwamba watoto wanapoteza muda uwanjani. Mtoto wa miaka kumi anayejifunza kusimama na mpira mkononi huku wenzake wanamzonga, akatafuta mwenzake aliye wazi badala ya kumsukuma aliye mbele yake, anajifunza jambo ambalo sijaona somo jingine likilifundisha kwa uwazi huo. Ninaomba vipindi hivyo virudishwe, na walimu wa viungo wasomeshwe kwa kina kama wale wa sayansi, kwa sababu kazi yao ina sayansi ndani yake: Naismith alikuwa daktari.

Namaliza kwa McLendon. Alishinda ubingwa wa kitaifa wa vyuo vya NAIA miaka mitatu mfululizo, 1957, 1958 na 1959, akiwa na Tennessee A&I. Hakuna kocha aliyekuwa amewahi kushinda mara tatu mfululizo hivyo. Springfield kuna ukumbi wa kuwaenzi watu mashuhuri wa mpira wa kikapu, na una jina la James Naismith. Mwaka 1979 walimwingiza McLendon humo, lakini wakamworodhesha kama mchangiaji wa maendeleo ya mchezo. Alifariki mwaka 1999. Walimwandika kuwa kocha mwaka 2016.